Jina la Mama Madonge

Miongoni mwa Wakongo wa Hopkins na New Hope, vitongoji vya Minnesota huko Amerika, mwanamke mtu mzima haitwi kwa jina lake la ubatizo isipokuwa na mwajiri wake, daktari wake, au karani wa ofisi ya serikali. Watu wake humwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kwa hiyo Générose, ambaye alikuwa akisafisha vyumba vya wagonjwa katika hospitali moja ya Saint Paul, alikuwa na majina mawili: lile lililoandikwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia kifuani pake, na lile aliloitwa kanisani, katika simu, na ngazini mwa jengo alimopanga. Huko aliitwa Mama Madonge. Hakuwahi kuzaa mtoto mwenye jina hilo. Hakuwahi kuzaa kabisa.

Jina hilo alipewa na mama mkwe wake, Bernardine, mjini Uvira, mwaka 1993. Ilikuwa siku ya saba baada ya harusi, siku ambayo, kwa desturi ya ukoo ule, bibi harusi huwapikia uji wanawake wa upande wa mume ili waonje mapishi yake. Générose alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Kwa woga alimimina unga mkavu katika maji yaliyokwisha kuchemka, badala ya kuuvuruga kwanza kwa maji baridi, na uji ukatoka na madonge. Bernardine aliuonja, akaweka kikombe chini, akatumbukiza kijiko, kisha akainua donge moja kubwa na kuwaonyesha wageni wake.

"Si mlikuwa mkiniuliza habari za mjukuu?" alisema. "Huyu hapa, amekwisha kuzaliwa. Hongera, Mama Madonge."

Wanawake walicheka sana, na mmoja wao akalazimika kutoka nje ili apate kupumua.

Laiti mtoto angezaliwa mwaka uliofuata, mzaha ule ungekufa wenyewe. Hakuzaliwa. Vita vilipowafukuza Uvira, jina lilivuka ziwa pamoja nao hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na huko likapata maana mpya, kwa kuwa waliolisikia kambini hawakuuona ule uji. Watu waliozoea watoto kuitwa Mateso, Vita na Maombi hawakuona ajabu mtoto kuitwa Madonge. Walidhani ni mzaliwa wa kwanza aliyepewa jina la shida fulani iliyowapata wazazi wake, kisha akapotea njiani au akabaki kwa ndugu. Waliuliza kwa upole alikokuwa. Générose, ambaye aliona aibu kueleza kwamba alikuwa akiulizwa habari za uji, alijibu: "Yuko mbali." Alianza kujibu hivyo kwa aibu, akaendelea kwa mazoea, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kujibu vinginevyo.

Mwaka 2004 mdogo wake alijifungua mtoto wa kike huko kambini na akafariki siku ya nane. Générose alimchukua mtoto, akampa jina la Shekinah, akamlea kwa maziwa ya kopo na usingizi wa nusu usiku. Janvier, mume wake, alimpenda mtoto yule kama wa kwake. Hata hivyo, Bernardine alikuwa na hukumu yake: "Mtoto wa kupokea habadilishi jina la mtu." Mwaka uliofuata Janvier naye alifariki kwa homa, na kabla ya kufa alimwomba mkewe asimtupe mama yake. Basi fomu za kuhamia Amerika zilipofika, na karani alipouliza ni akina nani wanaokaa katika nyumba hiyo, Générose alitaja watu watatu. Bila jina hilo la tatu, Bernardine angebaki kambini peke yake. Walifika Minnesota mwezi wa Machi 2013. Bernardine hakuwahi kushukuru, wala Générose hakuwahi kusubiri shukrani. Alichokuwa akisubiri ni kitu kimoja tu.

Mwezi wa Desemba 2016, Jumapili ya tatu ya Majilio, Shekinah angebatizwa. Mchungaji Twagirayezu alikuwa na utaratibu usiobadilika: kabla ya maji, alimgeukia mkubwa wa familia na kuuliza mbele ya kanisa zima, "Mtoto huyu ni wa nani?" Mkubwa huyo alijibu kwa sauti, na jina la mzazi alilolitaja ndilo lililoandikwa kwenye daftari la akina mama na kutumiwa na wote tangu siku hiyo. Mkubwa wa familia ya Générose alikuwa Bernardine. Ikiwa angejibu, "Ni wa Mama Shekinah," jina la uji lingekwisha. Ikiwa angejibu vingine, lingeandikwa kwa wino. Générose alikuwa amemwomba mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa, "Tutaona siku yenyewe."

Alhamisi ya juma hilo alimweleza sehemu ya shida yake Redempta, muuguzi kutoka Bukoba ambaye alikuwa akifanya kazi katika wodi ileile na ambaye, kwa kuwa alilijua tu jina la kwenye kitambulisho, alimwita Dada Générose.

"Mama mkwe wako anapenda tangawizi?" Redempta aliuliza.

"Anapenda kila kitu ambacho sikukipika mimi."

"Basi dawa yake ninayo." Redempta alitoa katika mkoba wake boksi la unga wa pankeki lenye picha ya mtu mdogo wa biskuti aliyevaa vifungo vya sukari. Alieleza kwamba unga huo ulikuwa na ladha ya ule mkate wa tangawizi wanaooka Wamarekani wakati wa Krismasi, na kwamba ulipatikana madukani majuma machache tu, kisha ukatoweka hadi mwaka mwingine. "Kazi yote wamekwisha kuifanya kiwandani. Wewe unaongeza maziwa na yai. Akiitukana, amewatukana wao, hajakutukana wewe."

Générose alilipakata boksi lile katika treni, kisha katika basi, hadi Hopkins.

Jumamosi aliamka kabla ya wenziwe. Alipofungua boksi, harufu ya tangawizi, mdalasini na karafuu ilijaa jikoni, naye akatiwa moyo. Hakusoma maelezo, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa cha ndoo na sakafu, na kwa sababu hakuna mtu aliyehitaji kumfundisha kuvuruga unga. Alimimina maziwa, akavunja yai, akashika mwiko. Kisha akafanya jambo ambalo alikuwa amelifanya kwa kila unga uliopita mikononi mwake kwa miaka ishirini na mitatu: alikoroga hadi lisibaki donge hata moja. Alikoroga kwa robo saa, mkono huu ukichoka akibadilisha mwingine, akiviponda vidonge vidogo kabisa kwenye ukingo wa bakuli. Alipomaliza, unga ule uling'aa kama rangi mpya ya ukuta.

Bernardine alitoka chumbani akiwa amejifunga blanketi mabegani, akaketi kwenye kiti chake karibu na dirisha la jikoni. Alikuwa na umri wa miaka sabini na tisa na masikio yake yalisikia vizuri kuliko alivyokiri.

"Nini inanukia hivyo?"

"Pankeki, mama. Za mkate wa tangawizi."

"Ni pankeki ao ni mkate?"

"Ni pankeki yenye ladha ya mkate."

"Bon. Chakula ambacho hakijui jina yake."

Pankeki tatu za kwanza zilitoka nyembamba, ngumu na za kuvutika kama mpira. Bernardine alijaribu kuikata ya kwake kwa uma, akashindwa, akaishika kwa vidole na kuikunjakunja mbele ya macho yake.

"Generoza," alisema, kwani hivyo ndivyo alivyolitamka jina hilo alipotaka kuonyesha subira, "hii ni ya kula ao ni ya kupeleka kwa fundi viatu?"

Shekinah, msichana wa miaka kumi na miwili, mrefu kuliko wote wawili, aliingia akipiga miayo, akalitazama bakuli na kulichukua boksi. Kiswahili alikielewa chote, lakini alipenda kujibu kwa Kiingereza. Alijitahidi kukisema siku alizotaka kitu tu. Siku hiyo alijitahidi.

"Mama, umekoroga kwa muda gani?"

"Mpaka ukawa sawa."

"Umeuua. Imeandikwa hapa: koroga kidogo tu, usimalize. Acha..." Alisita. Alikuwa na neno la Kiingereza, hakuwa na la Kiswahili. "Zile vitu ndogo za unga, za mviringo, zenye hazijalowa. Zinaitwa nini?"

Générose alizima jiko. Alilijua neno hilo kuliko mtu mwingine yeyote katika Minnesota nzima, na mdomo wake ulikataa kulitoa.

"Mama? Zinaitwa nini?"

"Madonge," alisema Bernardine kutoka dirishani.

Msichana alicheka kidogo, kisha akaacha. "Madonge kama Madonge?"

"Madonge gani mwingine?"

"Kaka yangu," alisema Shekinah. "Aliyebaki."

Ndipo ilipojulikana kwamba mtoto yule, ambaye alijua vema kuwa mama aliyemzaa alifariki Nyarugusu, alikuwa ameamini tangu utoto kwamba Générose alikuwa na mwana mkubwa, na kwamba mwana huyo alikuwa hatajwi kwa sababu kumtaja kulimuumiza mama yake. Mwaka uliopita, shuleni, walipochora mti wa ukoo, alimwandika juu ya tawi lililo kando ya lake. Kila usiku alimwombea.

Bernardine alicheka hadi blanketi likaanguka. Kisha, kwa kuwa alidhani kwamba kisa kilichowachekesha wanawake wa Uvira kingemchekesha na mjukuu wake, alikisimulia chote: uji, kijiko, donge, hongera. Alilitengeneza lile donge kwa vidole vyake hewani. Alipomaliza, alimtazama msichana ili aone kicheko kikianza.

Shekinah hakucheka. Alisema, "Koko," kwani hivyo ndivyo alivyomwita bibi yake, "kwa hiyo hakuna mtu?"

"Hakuna. Alizaa madonge basi."

Msichana alilimwaga lile bakuli katika sinki, akapima unga mwingine na maziwa mengine, akakoroga mizunguko michache akihesabu kwa sauti, kisha akaacha. Unga ulijaa madonge. Générose, aliyesimama nyuma yake, alilazimika kushika meza ili asimnyang'anye mwiko. Pankeki hizo zilipanda, zikatoboka vitundu juu, zikageuzwa, zikawa nene na laini. Bernardine alikula moja, akaongezwa ya pili.

"Hizi ni nzuri," alisema, tena bila kejeli.

Générose aliketi mbele yake. Alikuwa ameandaa hotuba kwa siku nyingi katika treni, lakini aliyoitoa ilikuwa fupi.

"Mama, miaka ishirini na mitatu nimeitika. Kesho sitaitika."

"Utanifanya nini? Utanirudisha kambini?"

"Sitakufanya kitu. Utakula, utalala, nitakuogesha kama kawaida. Ila ukitaja lile jina mbele ya mchungaji nitakaa kwenye benchi, sitasimama. Watu wataniuliza kwa nini, na safari hii nitawaeleza vile ulivyoeleza sasa hivi. Pamoja na vidole."

Bernardine aliacha kutafuna. Katika kanisa lile alikuwa mama mzee wa heshima: alitengewa kiti cha mbele, wasichana walimpigia magoti, na alipoumwa walimwimbia. Alimtazama Générose, akamtazama Shekinah, akakigeuza kikombe cha chai mkononi.

"Nitasema," alisema mwishowe. "Nipe ingine."

Na kwa kweli alisema. Jumapili, katika ukumbi waliokuwa wakiukodi New Hope, mchungaji alipouliza, "Mtoto huyu ni wa nani?" Bernardine alisimama akiegemea fimbo na kujibu kwa sauti iliyofika nyuma: "Ni wa Mama Shekinah." Mnong'ono ulipita kwenye mabenchi ya akina mama. Mama Mugisho, mwenyekiti wao, aliinua kalamu juu ya daftari, akasita, akaandika. Baadhi ya wanawake walifunika vinywa vyao. Générose aliona yote hayo na akayachukua kuwa mshangao wa furaha. Alisimama, akaitika, akamfunika binti yake taulo. Kwa muda wa saa tatu hivi alikuwa mwanamke aliyepata alichokitaka.

Saa kumi alasiri mlango uligongwa. Walikuwa wanawake wanane wa kanisani, wamejifunga vitenge viunoni, wamebeba sufuria zilizofunikwa, mikate na katoni za maji. Walivua viatu mlangoni. Bila kuomba ruhusa walisogeza kochi ukutani na kutandika mikeka sakafuni. Mama Mugisho alimkumbatia Générose na kumshikilia kwa muda mrefu.

"Pole sana, mama yangu. Pole. Wewe unakuja kanisani, unasimama, unatabasamu, kumbe umebeba kitu kama hicho. Kwa nini hukutuambia?"

"Kitu gani?"

"Tulijua palepale, lile jina lilipobadilishwa. Mtu hawezi kuacha jina la mzaliwa wa kwanza hivihivi. Habari ilikuja lini? Ni kule Congo ao kambini?"

"Habari ya nani?"

"Ya Madonge," alisema Mama Mugisho, na nyuma yake mwanamke mmoja akaanza kulia.

Générose alijitoa katika mikono yake. Alisimama katikati ya mikeka, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1993 alisema jambo lile wazi. "Sikilizeni. Madonge si mtu. Ni madonge ya uji. Nilipika uji ukatoka madonge, mama mkwe akanipa jina la kunicheka. Hakuna aliyekufa. Sikuzaa mtoto."

Mama Mugisho aliwageukia wenzake na kusema kwa sauti ya chini, lakini si chini ya kutosha, "Mnaona? Uchungu umempanda kichwani. Anasema hakumzaa. Mleteeni maji." Kisha, kwa upole uleule: "Mama, si wewe mwenyewe ulituambia yuko mbali? Mimi nilikuuliza mara ngapi? Uliniambia yuko mbali."

"Nilidanganya."

"Ndiyo, mama. Kaa chini."

"Ni kweli anayosema," alisema Shekinah kwa Kiswahili, akiwa bado na nywele mbichi za ubatizo. "Madonge ni unga."

"Mtoto, nenda ukawashe maji ya chai," aliambiwa.

Ilibaki njia moja tu, na wanawake wenyewe waliifungua. Mama Mugisho alipiga goti mbele ya kiti cha dirishani. "Mama mzee, wewe ndiye bibi yake. Wewe ndiye uliyetaja jina leo. Utuambie."

Bernardine alikuwa na uwezo wa kulimaliza jambo lile kwa sentensi moja. Aliwatazama wanawake wanane waliokuwa wakimsubiri: walewale waliomtengea kiti cha mbele asubuhi, ambao wangeondoka hapo wakijua alimfanyia nini bibi harusi wa mwanawe, na kwa miaka mingapi. Aliivuta kanga yake hadi kwenye paji la uso.

"Mwacheni," alisema. "Hajalala vizuri tangu juzi."

Hakusema uongo hata neno moja. Wanawake waliguna kwa huruma, wakaanza wimbo wa msiba, na wawili wakamketisha Générose juu ya mkeka, mmoja kila upande, wakamshika mikono kama inavyopasa kumshika mama aliyefiwa. Alijaribu kusimama mara moja. Baada ya hapo alilia, na kilio kilikuwa kirefu, na hakuna aliyemuuliza alikuwa analilia nini, kwa sababu wote waliona kwamba wanajua. Bernardine aliletewa chai ya kwanza, akaambiwa pole, akaitikia.

Walipokuwa wakiondoka, kiza kilikuwa kimekwisha kuingia. Mama Mugisho alifungua daftari la kanisa juu ya goti lake, akatafuta ukurasa mweupe, akaondoa kifuniko cha kalamu.

"Jumapili ijayo mchungaji atamtaja katika maombi," alisema. "Jina ninalo. Alikuwa na miaka mingapi, Mama Shekinah?"

Lilikuwa jina lake jipya, nalo lilitamkwa kwa heshima yote. Générose alitazama dirishani, ambako mama mkwe wake alikuwa amesinzia au amejifanya kusinzia.

"Ishirini na mitatu," alijibu.

Mama Mugisho akaandika.